Makao ya Wazee ya Kidini Yapimwe Usiku

Ndugu askari na ndugu polisi, kila mmoja wetu aliyewahi kulala kambini anaijua tofauti iliyopo baina ya bweni lililotayarishwa kwa ukaguzi na bweni hilo hilo saa tisa za usiku, wakati hakuna mkubwa yeyote anayetazamiwa kupita. Katika lile la kwanza vitanda vimenyooka kama mstari wa gwaride, sakafu inang'ara, na kila swali limekwisha tafutiwa jibu. Katika la pili ndimo watu wanamoishi. Nimeanza na mfano huo kwa kuwa nakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu hukaguliwa mchana peke yake, nalo ni makao ya kuwatunza na kuwauguza wazee yanayoendeshwa na makanisa na mashirika ya dini.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lamhusu nini mtu wa bunduki. Lamhusu sana. Kijana wa Mofwe, aliyezaliwa Kashikishi au Nchelenge au katika visiwa vya Kilwa na Isokwe, akiisha kuapa huenda anakotumwa: leo Kaoma, kesho Livingstone, na pengine Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako vikosi vya Zambia vimetumikia katika ulinzi wa amani. Ndugu zake wavuvi nao huhama kufuata samaki. Wazazi ndio wanaobaki. Mshahara waweza kufika nyumbani kila mwezi pasipo kukosa, lakini mshahara haumgeuzi mgonjwa kitandani wala haumshiki mkono kwenda msalani.

Polisi naye lamhusu kwa njia nyingine, tena kwa ghafula zaidi. Yeye ndiye anayeletewa usiku bibi kizee aliyefukuzwa nyumbani kwake kwa kuitwa mchawi, baada ya mtoto wa jirani kufa kwa homa au nyavu kutoka tupu siku tatu mfululizo. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1914 na ambayo ni Sura ya 90 ya Sheria za Zambia, inamhesabu kuwa mkosaji yule anayemtaja mwenziwe kuwa ni mchawi. Sheria hiyo inampa polisi uwezo wa kumshika mwenye kutaja. Haimpi mahali pa kumlaza aliyetajwa. Basi afisa wa zamu humwandika bibi yule katika daftari, humpa benchi ajilaze, na kunapopambazuka wazo la kwanza linalomjia ni misheni.

Kwa hiyo mara nyingi ni sisi tunaomfikisha mzee mlangoni, wengine kwa gari la kituo, wengine kwa barua na fedha. Hapana budi basi tujue kupima mikono tunayomkabidhi.

Yafaa kwanza tuondoe mawazo mawili yasiyo sahihi. La kwanza ni kwamba hospitali inatosha. Hospitali ya Mtakatifu Paulo ya Kashikishi, ambayo ni kazi ya misheni ya Kikatoliki, ina heshima yake katika mwambao mzima wa Ziwa Mweru, wala hakuna familia ya huko isiyokuwa na deni la shukrani kwake. Lakini hospitali humpokea mgonjwa, humtibu, kisha humruhusu kwenda zake. Mzee aliyepooza upande mmoja hana ugonjwa wa kwisha kwa majuma mawili. Anataka mahali pa kuishi penye uuguzi ndani yake, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

La pili ni lile la kusema kwamba makao ya wazee ni aibu iliyoletwa na wageni, na kwamba Mwafrika halisi hampeleki mzazi wake kwa watu baki. Hayati Mzee Kenneth Kaunda, katika falsafa ya utu aliyoitangaza rasmi mwaka 1967, aliisifu jamii ya kale ya kusaidiana, ambamo mtu hakuachwa kwa sababu amekosa nguvu. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba migodi ya Ukanda wa Shaba iliwakusanya wanaume kutoka Nyasa, Angola, Kongo na Tanganyika, wakachimba, wakazeeka, na wengine wakajikuta hawana kijiji cha kurudi wala mtu anayewakumbuka kwa jina. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba mila yetu haina makao ya wazee ni kumwambia alale nje. Tena wazazi wetu wenyewe wa Mofwe wamepitia miaka ya ukimwi, wakazika watoto ambao ndio wangewatunza.

Katika nchi yetu makao yanayotajwa sana ni Mitanda, mjini Ndola, yaliyo chini ya Jeshi la Wokovu. Wasomaji wa ukurasa huu bila shaka watatabasamu kulisikia jeshi jingine. Lilianzishwa na William Booth mjini London mwaka 1865, likajiita jeshi mwaka 1878, na hata leo lina makapteni na mameja, wanafunzi wake wa uongozi huitwa makadeti, na mtu wao akifariki husema amepandishwa cheo. Nimewahi kumsikia afande mmoja akisema kwamba hicho ndicho cheo pekee ambacho hana haraka nacho. Lakini mzaha kando, watu hao wamejitwika mzigo ambao wengi wetu tunaukwepa, nao wanastahili kupewa kile ambacho kila jeshi la kweli hupewa, yaani ukaguzi wa haki usio na chuki wala kujipendekeza.

Nguvu ya makao ya kidini ni kwamba aghalabu mtunzaji haendi nyumbani. Katika makao ya kawaida zamu huisha, mtu huvua koti lake, huondoka. Masista Wadogo wa Maskini, wanaoendesha Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi, huishi papo hapo na wazee wao. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, pale mwanamke maskini aitwaye Jeanne Jugan alipomchukua mwanamke mzee kipofu akampa kitanda chake mwenyewe. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Masista hao, juu ya nadhiri tatu za kawaida, huweka nadhiri ya nne, ya ukarimu, na tangu mwanzo wamekuwa wakipita masokoni na madukani kuomba chakula na fedha kwa ajili ya wazee. Mtu anayelala jengo moja na mgonjwa huamka akisikia kikohozi. Hiyo ni faida kubwa, na mkaguzi asiyeiona hajakagua kitu.

Walakini moyo mwema hauzuii kidonda. Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe huanza kuchubuka ngozi makalioni, visiginoni na mgongoni, na kidonda hicho cha kulalia chaweza kufika mfupani. Wauguzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo karibu kila saa mbili. Tufanye hesabu ya kiaskari. Wakiwapo wazee kumi wasiojiweza, na usiku wa saa kumi na mbili, ni mageuzo sitini, bila kuhesabu shuka zilizolowa, maji ya kunywa na yule anayeamka akitaka kwenda ziwani kutega nyavu zake za mwaka 1970. Mlinzi mmoja wa lango hawezi kazi hiyo, wala sista mmoja wa makamo aliyeamka kusali alfajiri na kupika mchana kutwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika makao yoyote ni hili: usiku wa jana walikuwa zamu watu wangapi, na majina yao yameandikwa wapi? Palipo na daftari la kugeuza wagonjwa, lenye saa na sahihi, mpige saluti mwenye daftari. Pasipokuwapo, omba kwa adabu kuona visigino vya mgonjwa aliyelala muda mrefu kuliko wote. Visigino havisemi uwongo.

Jeshi lenyewe lina ushahidi katika jambo hili. Mwaka 1854 Florence Nightingale alikwenda Scutari, nchini Uturuki, kuwauguza majeruhi wa Uingereza wa vita vya Krimea, akiwa na kundi la wanawake 38, wengi wao wakiwa masista wa Kikatoliki na wa Kianglikana. Sifa yake iliyoenea duniani ni ile ya mwanamke mwenye taa apitaye usiku baina ya vitanda. Lakini askari waliendelea kufa kwa wingi hata taa ikipita, mpaka tume ya usafi ilipofika mwaka 1855 ikasafisha mifereji ya maji machafu na kufungua njia za hewa. Hapo ndipo vifo vilipopungua sana. Bibi huyo, ambaye alikuwa mcha Mungu, hakuona haya kugeuka kuwa mtu wa takwimu maisha yake yaliyobaki. Basi anayekwenda kuyaona makao ya wazee, akiisha kusifu kanisa, na azunguke nyuma kutazama choo, kisima na jiko. Na kwa sisi wa mwambao wa Mweru, ambako malaria haina msimu wa kupumzika, atazame na chandarua cha kila kitanda kama kina tundu.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya makao ya kidini hasa. Shukrani hufunga kinywa. Mzee aliyepokewa bure, akapewa blanketi kwa jina la Mungu, haoni uso wa kusema kwamba uji umepoa au kwamba mtumishi fulani anamvuta mkono kwa nguvu. Wanaye nao hunyamaza, kwa maana watamlalamikia nani, na je, wakiambiwa wamchukue mzee wao? Hata maofisa wa Serikali huingiwa na haya kumhoji mtu wa kanzu. Mimi naona haya hiyo haina msingi. Kazi inayofanywa kwa ajili ya Mungu inastahimili mwanga kuliko kazi nyingine zote. Makao yaliyo mema huwa na mtu wa nje, asiye wa kanisa wala wa jiko, ambaye mzee aweza kumweleza mambo yake pasipo kuogopa, na polisi wa karibu aweza kabisa kuwa mtu huyo akipita mara moja kwa mwezi bila taarifa.

Tena lipo suala la imani yenyewe. Je, mzee wa dhehebu jingine, au Mwislamu, au yule anayewakumbuka mizimu wa ukoo wake tu, atapokewa? Na akiisha kupokewa ataachwa na imani yake? Mfano wa kutazama upo Unguja. Kule Welezo, wakati wa ukoloni, misheni ya Kikatoliki iliendesha makao ya maskini na wasiojiweza katika kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu. Mtunzaji alikuwa na msalaba kifuani na mtunzwaji alikuwa na tasbihi mkononi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali iliibeba kazi ya wazee, ikajenga na nyumba zao huko Sebleni, na mwaka 2016 ikaanza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au hakuwa. Ninachokitoa hapo ni kwamba dini ya mtunzaji si lazima iwe sharti la kitanda. Makao yanayomlazimisha mzee kuhudhuria ibada ndipo apate chakula cha jioni yamekwisha kushindwa mtihani, hata kuta zake zingepakwa chokaa kila juma. Kwa upande mwingine, mzee anayetaka kusali na asipate wa kumpeleka kanisani ameonewa vile vile.

Kipimo kingine ni kile ambacho mzee anaruhusiwa kubaki nacho. Mvuvi wa Mofwe aliyekuwa na mtumbwi, nyavu, nyumba ya matofali na mti wa mwembe, akiingia makaoni vitu hivyo huwa vya nani? Nani anatia sahihi anapopokea pensheni yake? Akifa atazikwa wapi, kwa gharama ya nani, na nani atapelekewa habari? Haya ni mambo ya kuandikwa siku ya kwanza, mbele ya ndugu wawili na kiongozi wa kijiji. Na ndani ya makao, je, ana jembe? Je, anaitwa bashikulu, kwa heshima ya babu, au anaitwa kwa namba ya kitanda? Anapata ugali wa muhogo na kisamvu na chisense wa ziwa lake, au anakula tu kile kilichotolewa sadaka? Mtu aliyelisha ukoo kwa miaka hamsini akikatazwa hata kuparua samaki hudhoofika upesi, na daktari hataona ugonjwa.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe, maana si kila mzee anayefaa kupelekwa makaoni, hata makao yakiwa bora. Kutoka Nchelenge hadi Ndola ni safari. Msafiri hushuka hadi Mansa, zaidi ya kilometa 200, kisha hupita daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, akakata katika ardhi ya Kongo hadi Mokambo na Mufulira, akiwa na karatasi zake za mpakani. Asiyetaka njia hiyo huzunguka kwa Serenje. Ndugu wataahidi kwenda kumtazama. Watakwenda mara ya kwanza, pengine ya pili. Baada ya hapo mzee atakuwa kama askari aliyesahauliwa katika lindo la mbali, ambaye hakuna aliyemletea zamu.

Na hata ukaribu ungekuwapo, bibi wa Mofwe mara nyingi hakai peke yake. Ana wajukuu watatu au wanne aliowapokea wazazi wao walipofariki. Makao ya wazee yatampokea yeye, wajukuu je? Nimeona watu wenye nia njema wakipanga kumwokoa bibi pasipo kutambua kwamba yeye ndiye nguzo ya nyumba nzima, na kwamba wakimtoa wamewafanya watoto wale yatima mara ya pili.

Kwa mtu wa namna hiyo lipo jibu jingine, na linatoka kwa watu wale wale wa Jeshi la Wokovu. Hospitali yao ya Chikankata, katika Mkoa wa Kusini, ilipoona mwaka 1987 kwamba wagonjwa wa ukimwi watazidi vitanda, ilianza kuwatuma wauguzi vijijini kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake na kuwafundisha jamaa zake kazi ya uuguzi. Watu wengi wa mataifa mengine walifika kujifunza kwao. Shirika moja, katika nchi moja, lina njia mbili: Mitanda kwa asiye na mtu, na Chikankata kwa aliye na mtu asiyejua kuuguza. Mwambao wa Mweru, kwa maoni yangu, unahitaji ile ya pili zaidi. Muuguzi mwenye baiskeli, anayejua kumgeuza mgonjwa, kupima shinikizo la damu na kumfundisha mjukuu wa miaka kumi na minne namna ya kuosha kidonda, atawafikia wazee wengi kuliko jengo lolote tutakalochangia saruji. Na tusiwasahau wazee wa Kongo waliovuka mpaka kutoka upande wa Pweto mwaka 2017, ambao wengi wao walipewa makazi Mantapala, wilayani Nchelenge, tangu mwaka 2018. Wao hawana hata kijiji cha jirani wanachokifahamu, na Kiswahili chao hakieleweki kwa kila mhudumu. Polisi anayezungumza lugha hii aweza kuwa mkalimani wa mzee mbele ya muuguzi, kazi isiyomgharimu zaidi ya nusu saa.

Bibi aliyelazwa katika benchi la kituo kwa kuitwa mchawi ni shauri la peke yake. Huyo hawezi kurudi leo, wala mjukuu hatoshi kumlinda. Kwake makao ya kidini ni kinga ya kweli, na tuyashukuru yanapofungua mlango saa mbaya. Lakini kumfikisha pale si mwisho wa jalada. Mwenye kumtaja na afikishwe mbele ya sheria. Nyumba yake ilindwe isivunjwe wala kugawanywa. Na afisa aliyemfikisha arudi baada ya majuma manne, jioni na si mchana, amtazame visigino, aulize chandarua, amwulize mwenyewe kama anataka kurudi.

Kuhusu fedha, vikosi vyetu hukusanya michango mara kwa mara, na desturi ni kupeleka mablanketi na magunia ya unga huku mpiga picha akiwa tayari. Mimi kazi yangu ni picha hizo hizo, sizidharau. Ila ningependa mchango mmoja katika mwaka uende kwenye mshahara wa mtu wa zamu ya usiku, ingawa hapigwi picha, kwa kuwa hana kitu cha kupokea mkononi isipokuwa taa.

Wengi wetu tunaotoka Mofwe huomba likizo mwezi wa Desemba. Tarehe mosi ya mwezi huo uvuvi hufungwa hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na wavuvi hurudi kutoka visiwani, hata kwa muda mfupi ndugu wote hukutana uwanja mmoja. Huo ndio wakati wa kukaa kikao juu ya mzee wa nyumba: nani atamwosha, nani atamgeuza usiku, fedha ya askari itamlipa nani, na kama ni makaoni, ni nani atakayekwenda kwanza kulala kucha katika mji ule na kubisha hodi kabla ya jua kuchomoza. Mzee mwenyewe awepo kikaoni, apewe kiti, na aulizwe kabla ya mwingine yeyote.